ACHENI KUSEMA SAMATTA ALIFELI, WALIOFELI WANAJULIKANA!

Kuna kijana mmoja wa Mamba Miamba, kule juu kwenye tangawizi, karudi nyumbani na begi lile lile aliloondoka nalo. Jina lake halitatajwa hapa maana ameshachekwa vya kutosha. Ni straika, mguu wa kushoto unaongea wenyewe. Kidato cha nne kamaliza, UMISSETA kacheza, na kuanzia Kisiwani mpaka Ndungu kila anayefuatilia ndondo anamjua, hata wale wanaojifanya hawamjui.

Baba yake aliuza tangawizi ya msimu mzima na ng'ombe mmoja juu yake. Ikapatikana milioni 3 na laki 2. Pesa ikaenda kwa jamaa mmoja anayejiita wakala, mtu wa miwani ya jua hata saa mbili usiku, aliyefikia kwenye lodge moja pale Same pembeni ya barabara kuu ya Dar. Kwenye simu ana picha amesimama na wachezaji, ukiangalia vizuri wachezaji wenyewe wanaangalia pembeni. Akasema ana watu wake Ubelgiji. Akataja fomu, pasipoti, viza, na kitu anachokiita "heshima ya skauti". Kijana akapandishwa basi mpaka Dar, akawekwa gesti siku 19 akisubiri viza, siku ya 20 simu ya wakala ikawa haipatikani na mwenye gesti anagonga mlango anataka hela yake.

Nauli ya kurudi alikopeshwa na kondakta. Jamani, kondakta!

Sasa jioni moja kijana kashuka Same mjini, kaingia kibanda umiza kuangalia mpira kama watu wengine. Kukaa tu kwenye benchi, jamaa mmoja wa nyuma anapiga kelele: "Hata Samatta mwenyewe alifeli Ulaya, sembuse wewe wa kwenye tangawizi!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Kijana akanyanyuka, mia tano yake ya kiingilio ikaishia hapo.

Hiyo sentensi ndiyo yenye matatizo. Jamaa wa nyuma hana hatia peke yake, kaisikia redioni, kaisoma mitandaoni, kaisikia kijiweni kwa bodaboda, kairudia kama kasuku. "Samatta alifeli." Imeshakuwa kama methali. Kila Mtanzania anayepanda ndege na viatu vya mpira anasubiriwa na hiyo sentensi airport akirudi.

Basi na ihesabiwe. Wapare ni watu wa hesabu, na kesi haiamuliwi kwa kelele.

Mbwana Ally Samatta kazaliwa Dar Desemba 1992, mtoto wa Mbagala. Kaanzia African Lyon, kaenda Simba. Mwaka 2011 Simba ikakutana na TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, Wakongo wakamuona dogo, wakamnunua. Hapo ana miaka 18. Hakwenda London. Hakwenda Madrid. Alikwenda LUBUMBASHI, na huko akakaa karibu miaka mitano.

Hiyo miaka mitano ndiyo watu wanairuka. Ukisikiliza stori za kibandani utadhani Samatta alilala Mbagala akaamkia Birmingham. Miaka mitano ya kusafiri kwenda Omdurman, kwenda Algiers, kwenda kwenye viwanja ambavyo mashabiki wanakurushia kila kilichopo mkononi. Lugha Kifaransa na Kiswahili cha kwao ambacho Mbongo akikisikia mara ya kwanza anabaki ameduwaa. Mwaka 2015 Mazembe wakachukua Ligi ya Mabingwa, Samatta akamaliza na magoli 7 na hakuna aliyemzidi mashindano yote. Kwenye fainali dhidi ya USM Alger alifunga mechi zote mbili, ya kule na ya hapa. Januari 2016 pale Abuja akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Mtanzania wa kwanza. Kabla yake hakuna, na baada yake mpaka leo hakuna Mtanzania mwingine.

Ndipo akaenda Ulaya. Tena Genk, mji ambao robo tatu ya waliokuwa wanapiga kelele mwaka ule walikuwa hawajawahi kuusikia. Mji wa zamani wa machimbo ya makaa ya mawe, hauna mbwembwe. Kacheza hapo miaka minne, magoli zaidi ya 70. Msimu wa 2018/19 alifunga magoli 23 ya ligi na Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji, na mwaka huo huo akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika kwenye ligi ya kule. Novemba 2019 kaenda Anfield, Liverpool wakiwa ndio mabingwa wa Ulaya, akaruka juu ya watu akafunga kwa kichwa kwenye kona. Genk walifungwa 2-1, lakini lile goli la Mtanzania pale Anfield litafutwa na nani?

Halafu Januari 2020, Aston Villa. Hapa ndipo kesi yenyewe ilipo.

Magazeti ya Uingereza yalitaja ada ya karibu pauni milioni 8.5. Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Nchi nzima ilihamia Villa kwa usiku mmoja, watu ambao maisha yao yote ni Manchester na Arsenal wakawa wanauliza jezi za rangi ya zabibu ziko duka gani. Mechi ya kwanza nusu fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Leicester, Villa wakapita. Tarehe 1 Februari akafunga dhidi ya Bournemouth. Tarehe 1 Machi kwenye fainali Wembley akafunga kwa kichwa cha kuruka mbele ya Manchester City. Villa wakalala 2-1. Wiki chache baadaye dunia ikafungwa na corona, ligi ikasimama mpaka Juni. Iliporudi, Villa walikuwa wanapigania kutoshuka daraja, Samatta hakufunga tena. Msimu ukaisha Villa wamepona kwa tofauti ya pointi moja. Septemba wakamnunua Ollie Watkins, na Samatta akaenda Fenerbahçe kwa mkopo.

Mechi 14 za ligi, goli 1. Hizo ndizo namba ambazo jamaa wa nyuma ya kibanda anazijua kwa moyo. Magoli 23 ya Ubelgiji hazijui. Magoli 7 ya Afrika hazijui. Hiyo 1 anaijua kama namba yake ya simu.

Na isemwe kweli, maana kesi isiyokubali udhaifu wake ni kesi mbovu. Mechi ile ya Leicester alikosa nafasi ambazo straika wa kiwango chake hatakiwi kukosa. Mpira uliporudi Juni hakuwa sawa, kila aliyeangalia aliona. Na Taifa Stars kuna mechi kavaa kitambaa cha unahodha na dakika 90 zikapita haonekani. Aliyesema hayo hajatukana, huo ni mpira, straika anahukumiwa kwa nyavu. Lakini kutoka "alikuwa na miezi minane migumu" kufika "alifeli Ulaya" kuna safari ndefu kuliko Same na Dar, na watu wameisafiri bila nauli.

Maana baada ya hapo alifanya nini? Hakurudi Bongo kufungua baa. Fenerbahçe, Antwerp, akarudi Genk, akaenda PAOK ya Ugiriki na mwaka 2024 wakachukua ubingwa. Mwaka 2025, akiwa na miaka 32, umri ambao maproo wengi wa Afrika Mashariki wanakuwa washarudi zamani kucheza veterani, kasaini Le Havre, Ligi Kuu ya Ufaransa. Hesabu mwenyewe kuanzia Januari 2016: ni miaka kumi kasoro kidogo mfululizo Ulaya, ligi tano tofauti za daraja la juu. Kuna mzee pale stendi ya Same ana kazi moja ya kuuza tiketi tangu mwaka 2016 na amekwishafukuzwa na kampuni tatu za mabasi. Huyo naye siku akitaka kumchambua Samatta, achambue tu, ila aanze na wasifu wake mwenyewe.

Hiyo Stars yenyewe inayosemwa. Tanzania ilikwenda AFCON mwaka 1980 kule Lagos, halafu ikalala miaka 39. Iliporudi Misri mwaka 2019 nahodha alikuwa nani? Walifungwa mechi zote tatu, ndiyo, na dhidi ya Kenya Samatta alifunga. Miaka 39 kuna vizazi vya wachezaji vilizaliwa, vikacheza, vikastaafu, vingine vikazikwa, bila kuigusa ile michuano. Lakini aliyefeli ni huyu aliyekwenda?

Sasa linakuja swali ambalo halipendwi. Kwa nini watu wanaipenda sana hiyo sentensi ya kufeli?

Kwa sababu ina faida. Mchambuzi anayesema "Samatta alifeli" anapigiwa simu na wasikilizaji wengi kuliko anayeeleza namna Genk wanavyotafuta vijana. Kijana aliyechanika mkeka wake Jumamosi anapata wa kumlaumu. Mkubwa wa mpira wilayani, mkoani au huko juu zaidi, anapata pumziko, maana kama hata Samatta kashindwa, nani atamuuliza yeye kwa nini vijana hawana ligi ya maana kuanzia Januari mpaka Desemba? Sentensi moja inawalinda watu wengi sana.

Na anayefaidi kuliko wote ni yule wa miwani ya jua. Hapa ndipo wengi hawaoni uhusiano, lakini upo, tena mkubwa. Mtu anayeamini Samatta alifeli anaamini Ulaya ni mlango mmoja tu, Uingereza, ukiingia umefaulu, ukitoka umefeli. Na mtu anayeamini Ulaya ni mlango mmoja, kazi ya tapeli imekwisha, anachohitaji ni kusema ana ufunguo. Ndiyo maana yule baba wa Mamba hakuuliza "klabu gani, ligi ya ngapi, atakula wapi". Aliuliza "lini?" Angekuwa ameelezwa na watu wa mpira kwamba Samatta alipita Lubumbashi miaka mitano na Genk miaka minne ndipo akaiona Uingereza, angeuliza maswali mengine. Wapare wanajua kuuliza maswali.

Tena hebu fikiria huyo wakala angefika Same na kusema ukweli: "Mzee, mwanao ana kipaji. Acheze kwanza daraja la chini, akifanya vizuri apelekwe timu ya Ligi Kuu, baada ya misimu miwili mitatu aende Kongo au Morocco, na Mungu akipenda akiwa na miaka 23 aende Ubelgiji au Uturuki." Angepata hata shilingi? Angefukuzwa kabla makande hayajaiva. Kongo? Mwanangu aende KONGO? Si bora abaki kwenye tangawizi!

Lakini ndiyo njia iliyowapeleka wote. Simon Msuva katoka Yanga kaenda Difaâ El Jadida ya Morocco mwaka 2017, mji ambao hata sasa watu hawawezi kuutamka, ndipo akafika Wydad. Novatus Dismas katoka Azam kaenda Israel, Ubelgiji, mpaka mwaka 2023 akajikuta na jezi ya Shakhtar Donetsk anacheza Ligi ya Mabingwa dhidi ya Barcelona. Kelvin John, yule waliyembandika jina la Mbappe akiwa bado mtoto, kapita chuo cha Uingereza, kapita Genk, kaenda Denmark. Hata Shabani Nonda, Mrundi aliyekuja kuichezea Kongo, kabla ya kufika Monaco na fainali ya Ligi ya Mabingwa 2004 alipita Jangwani kwa Yanga, akapita Afrika Kusini, akapita Uswisi. Hakuna hata mmoja aliyepitia lodge ya Same.

Kuna jambo jingine ambalo Wapare hasa wanapaswa kuona aibu nalo, na hapa utani utawekwa pembeni kidogo, au utatumiwa wote, vyovyote itakavyokuwa.

Tanzania nzima inajua Mpare na kesi. Mpare anaweza kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, na akishinda kuku anamchinjia wakili. Ni utani, lakini una mizizi. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani wakaja kukaa pale pale Same, boma la mkoloni, kupinga kodi ya mbiru. Hawakuchoma kitu. Walikaa. Walitaka wasikilizwe, na suala hilo walilibeba miaka mpaka mbiru ikafa. Hao ndio babu zao hawa. Watu wa karatasi, watu wa kumbukumbu, watu wa "naomba iandikwe".

Sasa nenda kwenye kiwanja chochote cha ndondo kuanzia Hedaru, Makanya mpaka Gonja, muulize kocha: karatasi za hawa watoto ziko wapi? Hakuna. Timu ina jezi mbili, ina mpira mmoja unaovuja, ina kocha anayejitolea kwa moyo wote na anastahili heshima, lakini haipo popote kwenye maandishi. Haijasajiliwa. Mtoto kacheza hapo tangu ana miaka 12 mpaka 17 na hakuna hata mstari mmoja unaosema alikuwa hapo.

Na hiyo karatasi ni PESA. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kabla mkataba wake haujaisha, kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada inakatwa na kugawiwa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Tumia ile ada ya Samatta iliyotajwa, pauni milioni 8.5. Asilimia 5 yake ni pauni 425,000. Kila mwaka wa malezi kati ya 12 na 15 unachukua asilimia 5 ya hilo fungu, na kila mwaka kati ya 16 na 23 unachukua asilimia 10. Maana yake klabu iliyokaa na mtoto mwaka mmoja tu akiwa na miaka 13, ina pauni 21,250. Kwa kiwango cha fedha cha mwaka ule ni zaidi ya shilingi milioni 60. Kwa mwaka mmoja! Kwa kumfundisha mtoto kupiga pasi!

Sasa timu ya kijijini ikiwa na usajili na kumbukumbu, na kijana wake mmoja akauzwa hata kwa sehemu ndogo ya pesa hiyo, kijiji kinajenga kiwanja, kinanunua mipira, kinamlipa yule kocha anayejitolea. Ikiwa haina, pesa inapita juu ya Shengena kama wingu la kiangazi na hakuna tone linalodondoka. Watu wanaoweza kwenda mahakamani kwa ajili ya mpaka wa shamba wa hatua mbili, watoto wao wanacheza mpira miaka sita bila hata daftari. Kesi ya kuku ina faili. Kipaji cha mtoto hakina.

Na huyo wakala naye, kwa kanuni hizo hizo, anatakiwa awe na leseni ya FIFA, na ili aipate lazima afanye mtihani. Mteja akiwa chini ya miaka 18 anatakiwa awe na ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Malipo yake yanatokana na mkataba mchezaji akishasaini, kwa asilimia. Hayatokani na tangawizi! Na mtoto chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine ni marufuku isipokuwa kwa sababu chache sana zilizoandikwa, na "wakala alikuwa na picha nzuri kwenye simu" haimo. Anayekuja kuchukua mtoto wa miaka 16 leo ampeleke Ubelgiji kesho kutwa ni tapeli, au ni kitu kibaya kuliko tapeli. Hayo siyo siri. Ni kanuni za wazi, na kuna watu wana ofisi, wana mhuri na wana kiti cha kuzunguka, ambao kazi yao ni kuwaeleza wazazi. Wangetumia hata Jumapili moja kanisani na Ijumaa moja msikitini, dakika kumi kumi, yule mzee angebaki na ng'ombe wake.

Hawakufanya. Walipoulizwa kuhusu yule kijana, mmoja wao alijibu kwa mkato kwamba "vijana wana tamaa". Tamaa! Kijana wa miaka 19 kutaka kucheza mpira kwa mshahara ni tamaa, lakini kuwa kiongozi wa mpira miaka kumi na timu hazina hata orodha ya wachezaji, hiyo ni nini?

Na kibanda nacho kina sehemu yake, msijifiche. Yule wakala alipokuja Same mara ya kwanza, nani alimpa kiti cha mbele? Nani alimnunulia soda? Jamaa yule yule wa benchi la nyuma, aliyeangua kicheko, ndiye aliyempeleka wakala kiwanjani kumuonyesha straika wa Mamba, na kuna wanaosema hakurudi mikono mitupu. Siku kijana anaondoka walimsindikiza mpaka kwenye basi, wakapiga picha, wakaandika "Samatta mpya". Wiki tatu baadaye Samatta wa zamani kageuka mfano wa kufeli, na Samatta mpya kageuka kichekesho. Watu wale wale. Simu zile zile.

Kijana mwenyewe hajasema mengi. Anacheza. Jumamosi iliyofuata alionekana kiwanjani, kafunga mawili, hakushangilia hata moja. Ni mwembamba kuliko alivyoondoka. Kocha wake kanunua daftari kubwa la kurasa mia mbili, mstari wa kwanza kaandika jina la kijana, tarehe ya kuzaliwa na mwaka alioanza kucheza pale, na anazunguka kuuliza usajili wa timu unaanzia ofisi gani. Amekwishaambiwa aje kesho mara mbili.

Baba mtu ndiye aliyebaki Mpare kamili. Kachapisha meseji zote za miamala ya simu, kazipanga kwa tarehe, kazitia kwenye faili la kijani. Kila Jumatatu anateremka kutoka Mamba na gari la asubuhi, anafika kituo cha polisi, anakaa kwenye benchi na faili lake mapajani. Anaulizwa anataka nini, anaeleza upya tangu mwanzo. Wiki iliyopita askari mmoja kijana alichukua ile namba akaipiga mwenyewe mbele yake, maana imeanza kupatikana tena.

Iliita. Iliita mpaka ikakata.